Diski ya Windows kwenye seva ya Linux: nakala yaweza kuonekana kamili kumbe ni pungufu

MALI bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Siku hizi daftari la vyama vingi vya ushirika, maduka ya pembejeo na vyama vya kuweka na kukopa limo ndani ya kompyuta. Baadhi yao hutumia seva yenye mfumo wa Linux, kwa kuwa unapatikana bila kulipia leseni.

Ili kujikinga na hasara, ofisi hununua diski ya nje ya kuhifadhia nakala rudufu. Tatizo ni kwamba nyingi ya diski hizo hutoka kiwandani zikiwa zimefomatiwa kwa ajili ya Windows. Seva huzipokea na kunakili bila malalamiko, na kasoro hugundulika siku seva inapoharibika.

Kufomati diski ni kama kuchora mistari kwenye daftari jipya, na kila mfumo una mistari yake. Windows hutumia FAT32, NTFS na exFAT. Linux mara nyingi hutumia ext4.

FAT32, iliyoanza mwaka 1996, haipokei faili moja lenye ukubwa wa GB 4 au zaidi. Kumbukumbu za mazao na malipo ya wakulima za misimu kadhaa zikifungwa katika faili moja, zinaweza kuvuka kiwango hicho na kazi ikakatika katikati. exFAT ya mwaka 2006 haina kikwazo hicho, lakini huharibika kwa urahisi zaidi umeme unapokatika wakati wa kuandika.

NTFS ni imara zaidi, na tangu mwaka 2021 kiini cha Linux kina uwezo wa kuisoma na kuiandika. Hata hivyo, diski ikichomolewa ghafla, au ikitoka kwenye kompyuta ya Windows ambayo haikuzimika kabisa, Linux inaweza kukataa kuandika juu yake. Nakala ya usiku huo haitakuwepo, na asubuhi hakuna atakayejua asipokagua. Dawa yake ni kuirudisha diski kwenye Windows, kuikagua kwa programu ya chkdsk na kuitoa kwa utaratibu.

Ruhusa za mafaili

Kasoro kubwa zaidi haionekani kwa macho. Katika Linux kila faili lina mwenyewe, na limewekewa ruhusa za nani asome na nani aandike. FAT32 na exFAT hazina mahali pa kutunza habari hizo, na NTFS ina utaratibu wake tofauti. Kwa hiyo mafaili yakirejeshwa, programu ya hesabu inaweza kugoma kuwaka kwa sababu mafaili si yake tena, au orodha ya mishahara ikawa wazi kwa kila mtumiaji.

Njia mbili za kufuata

Kwanza, diski inayotumiwa na seva pekee ifomatiwe upya kwa ext4. Ikumbukwe kuwa kufomati hufuta kila kitu kilichomo, na kwamba Windows haitaisoma diski hiyo bila programu ya ziada.

Pili, kama diski lazima isomwe pia na kompyuta za Windows, ibaki na NTFS, lakini mafaili yafungwe kwanza katika furushi moja kwa programu ya tar. Furushi hilo hubeba ndani yake ruhusa na majina ya wenye mafaili. Litakapofunguliwa na msimamizi mkuu wa seva, kila faili hurudi kwa mwenyewe.

Ni vyema pia kuwa na diski mbili zinazopokezana, moja ikihifadhiwa nje ya ofisi, kwani moto au mwizi hachagui. Kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa miaka isiyopungua 5.

Mwisho, angalau mara moja kila msimu, nakala irejeshwe kwenye kompyuta nyingine na programu ya hesabu iwashwe. Ikiwaka, na salio la mkulima likalingana na stakabadhi yake, hapo chama kina akiba. Isipowaka, ni heri kujua leo kuliko siku ya malipo.