Kuaminiwa Kwanza, Kujiamini Baadaye

Kila ninapoalikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule za upili, sikosi kumsikia msemaji mwenzangu akiwahimiza wajiamini. "Jiamini!" huambiwa kijana, kana kwamba anaambiwa avae sweta kwa kuwa kuna baridi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini Kenya mwaka 2017, umelihesabu jambo hili miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Walimu wanatakiwa walikuze, wazazi wanalidai, na wanafunzi wanatarajiwa walionyeshe. Lakini ni nadra kumsikia mtu akimweleza kijana huyo aanzie wapi.

Mimi ni mtu wa isimu, na ada ya watu wa isimu ni kuliuliza neno lilikotoka. Kitenzi "amini" kilitufikia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa pia imani, amana, uaminifu, na hata ile "Amina" ambayo Mkristo na Mwislamu hufungia dua zao, na ambayo Waebrania walikuwa nayo zamani. Kwa hivyo, katika Kiswahili, imani na kujiamini ni ndugu wa tumbo moja. Na amana, yaani kitu anachowekewa mtu kwa sababu anaaminika, ni ndugu yao wa tatu. Sasa yatazame maumbo haya: kuamini, kuaminiwa, kujiamini. Sarufi haitulazimishi kuyapanga kwa utaratibu wowote, lakini maisha hutulazimisha. Dai langu ni kwamba kijana hawezi kujiamini kabla hajaaminiwa na mtu mwingine, na kwamba imani ya Kikristo humjenga kijana pale inapompa amana mkononi, si pale inapompigia kelele masikioni. Nalisema hili kwa sababu kijana mmojawapo nilikuwa mimi.

Nilizaliwa Shimba Hills, katika Kwale, kwa wazazi Wakamba waliofika huko kulima mashamba ya mpango wa makazi. Wadigo, ambao ndio wenyeji wa pwani hiyo ya kusini kuanzia Likoni kupitia Diani na Msambweni hadi mpakani, wengi wao ni Waislamu. Sisi tulikuwa Wakristo, na tuliitwa "watu wa bara" hata wale miongoni mwetu ambao bara hatukuwahi kuiona. Nilipoingia kidato cha kwanza katika shule moja ya upande wa Msambweni, nilikuwa nimebeba mizigo miwili. Wa kwanza ulikuwa lafudhi. Kikamba hakina sauti ya "r" katika maneno yake ya asili, na Kiswahili changu kilikuwa na matuta ambayo watoto wa Kidigo waliyasikia mara moja. Mzigo wa pili ulikuwa kigugumizi.

Asiyekuwa nacho hawezi kujua kigugumizi ni nini. Watu hudhani kwamba mwenye kigugumizi hajui la kusema. Kumbe analijua barabara. Analiona neno limesimama mbele yake kama mtu aliye ng'ambo ya mto, ila daraja limevunjika. Takriban mtu mzima mmoja katika kila 100 duniani anaishi na hali hii, na haihusiani hata kidogo na uhaba wa akili. Hayo nimeyajua ukubwani. Wakati huo nilijua jambo moja tu: kwamba mwalimu mmoja, baada ya kuningoja kwa muda ambao labda haukuzidi nusu dakika, aliniambia niketi mpaka nitakapopata ulimi. Darasa zima liliangua kicheko. Niliketi, na kwa muhula mzima sikusimama tena.

Kisha ikaja Agosti 1997. Usiku wa tarehe 13 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika majuma yaliyofuata watu wengi waliuawa, nyumba na vibanda vikateketezwa, na maelfu ya waliohesabiwa kuwa wageni wakayahama makazi yao. Wengi walikimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Watalii walitoroka na hoteli za Diani zikabaki na vitanda vitupu. Vijana wengi waliokuwa wakitegemea ufuo wakakosa hata nauli. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 15. Nyumba yetu haikuguswa, lakini tulilala vichakani siku kadhaa, na nikajifunza jambo ambalo halimo katika vitabu vyangu vya fonolojia. Lafudhi yangu, iliyokuwa kichekesho hadi siku hizo, sasa ilikuwa ushahidi. Shule zilipofunguliwa nilikuwa nimekuwa bubu kwa hiari.

Kanisa letu lilikuwa banda la mabati lenye mabenchi yasiyo na maegemeo. Mzee wa kanisa alikuwa mama mtu mzima ambaye sote tulimwita Nyanya. Siku moja baada ya ibada aliniita, akanitia mkononi ufunguo wa kufuli la mlango. "Mjukuu wangu," akasema, "kuanzia Jumapili ijayo wewe ndiwe utakayefungua na kufagia. Nisikute umechelewa." Hakunihubiria kuhusu thamani yangu mbele za Mungu. Alinipa kitu ambacho kingepotea kama nisingestahili kuaminiwa. Juma lile lote niliutia ufunguo ule chini ya mto wangu wa kulalia.

Baada ya mwezi mmoja hivi aliniambia kwamba zamu ya kusoma somo la Jumapili imenifikia. Nilimkumbusha, kwa shida, kwamba mimi siwezi kusema. Akanijibu kwamba ndiyo maana amenichagulia somo hilo. Lilikuwa sura ya nne ya kitabu cha Kutoka, pale Musa anapomweleza Mungu kwamba yeye si msemaji na kwamba ulimi wake ni mzito. Nilikuwa nimewahi kulisikia, lakini sikuwa nimewahi kulisoma kwa macho ya mtu anayehusika. Ona jinsi jambo hilo linavyokwenda. Musa haponywi ulimi. Anaulizwa ni nani aliyekifanya kinywa cha mwanadamu, anapewa nduguye Haruni aandamane naye, kisha anatumwa vilevile alivyo. Sura hiyo haisemi popote kwamba kigugumizi kilimtoka kabla hajapewa kazi.

Nilisimama kusoma. Nikakwama katika neno "Bwana", na katika aya zile nane neno hilo limejaa tele. Nilikwama tena na tena. Lakini lilitokea jambo ambalo halijawahi kunitokea darasani: hakuna aliyenimalizia neno. Watu wale, wakulima na wachuuzi wa samaki na akina mama wenye watoto mgongoni, walikaa kimya wakaningoja. Sijui ilichukua dakika ngapi. Nilipofika mwisho waliitikia "Amina" kwa sauti ileile ambayo wangemwitikia mhubiri yeyote. Hawakunipigia makofi ya huruma, na hilo ninalishukuru mpaka leo.

Msomaji asitarajie niseme kwamba kigugumizi kiliniacha siku ile. Hakikuniacha. Wanafunzi wangu wa chuo kikuu wanakijua, na baadhi yao wanaweza kukiiga vizuri sana. Kilichoniondoka ni hofu, nayo haikuondoka kwa siku moja. Siku chache baadaye mwalimu wetu wa Kiswahili aliniita kando. Alikuwa Mdigo na Mwislamu mcha Mungu. "Mwanangu, habari zimenifikia kwamba umesoma huko kanisani kwenu," alisema. "Basi na hapa utasoma. Na atakayecheka nitamsomesha yeye ukurasa mzima." Habari za kijijini hazina mipaka ya dini. Nikasoma, na yeye akaningoja kama walivyoningoja watu wa kanisani.

Nimelisimulia hili kwa kirefu kwa sababu linatufunza namna jambo lenyewe linavyofanya kazi. Kwanza, imani ilinipa thamani isiyotegemea alama za mtihani, lafudhi, sura, wala fedha za mtalii. Kijana wa Diani anayepimwa kila siku kwa macho ya wapita njia anaihitaji mno thamani ya namna hiyo. Pili, jumuiya ya waumini ilinipa zamu. Thamani isiyokuwa na zamu hubaki kuwa maneno matamu. Tatu, ilinipa subira yake. Ukiondoa moja kati ya hayo matatu, mengine mawili hulegea.

Wala si jambo geni katika pwani yetu. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na Johannes Rebmann wakaanzisha kituo chao Rabai. Mmojawapo wa Wamijikenda wa kwanza kabisa kubatizwa hapo hakuwa mzee wa kaya wala mtu mwenye mifugo mingi. Alikuwa Mringe, kiwete aliyekuwa ukingoni mwa maisha yake. Makanisa yetu yalianza na mtu ambaye jamii haikumtarajia kuwa wa kwanza katika jambo lolote. Yanapomsahau kijana anayekaa benchi la nyuma, huwa yameisahau asili yao.

Hata hivyo, si haki kuisifu imani bila kuyataja madhara yanayoweza kutendwa kwa jina lake. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ya watoto na watu wazima waliohusishwa na mafundisho kwamba kufunga mpaka kufa ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Miongoni mwa yaliyohubiriwa huko ni kwamba shule ni ya shetani. Wale nao walikuwa na imani, tena imani iliyowagharimu kila kitu. Basi kijana atajuaje tofauti? Kipimo changu ni cha mtu wa lugha, nacho ni hiki: Je, mahali hapo unaruhusiwa kuuliza swali? Musa alibishana na Mungu, tena kwa udhuru baada ya udhuru, na bado akatumwa. Imani inayomjenga kijana humwongezea sauti. Inayomnyang'anya sauti, ikamtenga na wazazi, walimu na vitabu, haimpi kujiamini bali inamwamuru amwamini mtu mmoja tu, na mtu huyo si yeye mwenyewe.

Iko hatari nyingine iliyo ndogo kwa sura lakini ya kila siku. Kijana aliyeonja kujiamini kwa mara ya kwanza hujaribiwa kukijenga kiburi chake juu ya dharau. Huanza kuwatazama wenzake wa dini nyingine kama watu waliopotea, na badala ya kusimama wima husimama juu ya mgongo wa jirani. Kwale haiwezi kulimudu jambo hilo. Tukumbuke kwamba Krapf alipoanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka 1844, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Aidha, kanuni ninayoieleza si mali ya Wakristo peke yao. Mtoto wa chuoni anayesimama mbele ya wazee akasoma Kurani aliyoihifadhi, naye pia ameaminiwa, amepewa zamu na amengojwa. Mwalimu wangu wa Kiswahili alilijua hilo kabla yangu, na nadhani ndiyo sababu hakuona ajabu yoyote kulikamilisha darasani jambo lililoanzia kanisani.

Walimu wenzangu, mna vijana wa aina hii katika kila darasa, na aghalabu ndio msiowajua majina. Si lazima mshiriki dini zao ili muwasaidie. Mpeni mmoja ufunguo wa kabati la vitabu. Mwekeni mwingine katika zamu ya kusoma gwaride la asubuhi, na mumwarifu siku tatu kabla ili ajitayarishe. Mnapomwuliza swali akakwama, msimmalizie sentensi na msimruhusu mwenzake ammalizie. Hesabuni kimoyomoyo mpaka 20. Mtashangaa jinsi muda huo ulivyo mrefu, na jinsi ninyi wenyewe mlivyozoea kutowangoja watu. Nanyi mnaosimamia vyama vya Wakristo shuleni, msiwaachie kipaza sauti wale watatu wenye ufasaha kila juma. Wao wamekwisha kujiamini.

Nawe mwanafunzi uliyeketi benchi la nyuma, usingoje ujisikie shujaa ndipo ukubali kazi. Ikiwa ni Mkristo, isome sura ile ya Kutoka polepole, uone kwamba aliyetumwa alikwenda na ulimi wake uleule. Ukipewa amana, hata ikiwa ndogo kama ufunguo wa kufuli, itunze. Na siku utakapokuwa wewe ndiwe mwenye zamu nyingi, mtafute asiyekuwa na hata moja, umpe moja yako, kisha umngoje.

Nyanya alifariki dunia nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Nilialikwa kusoma somo katika maziko yake. Nilikwama mara nyingi siku ile, na si kwa kigugumizi peke yake, na watu wale waliningoja tena.