Kamongo Mgeni Nyumbani: Jinsi ya Kumzoeza Tangi Hadi Ale

Mkazi wa Nyamasaria anayenunua kamongo mdogo na kumweka kwenye tangi la kioo sebuleni huwa na swali moja kufikia siku ya tatu: mbona samaki huyu hali? Amelala chini kama kipande cha kamba, hachezi majini kama wale samaki wa rangi wanaouzwa mjini, na chakula alichowekewa kinaoza kando yake. Wengi wakiona hivyo huongeza chakula kingine. Maji yanachafuka, samaki anadhoofika, na wiki ya pili tangi li tupu.

Kamongo hana haraka na chakula, na kuna sababu. Kinamasi kikikauka, samaki huyu anaweza kujichimbia kwenye tope, akajizungushia kifuko cha ute na kukaa humo miezi kadhaa bila kutia kitu kinywani. Wakati huo mwili wake hugeuza amonia, ambayo ni sumu, kuwa yurea, ambayo haina madhara makubwa. Jambo hilo lilimvutia sana Homer Smith, mtafiti wa figo kutoka Marekani, hata mwaka 1932 akachapisha kitabu alichokiita kwa jina hilo hilo la Kijaluo, Kamongo. Kwa hiyo mgeni ambaye hajala kwa siku nne au hata wiki nzima hajafika kwenye hatari. Hatari yake kubwa ni maji mabaya na kukosa hewa.

Kamongo ana matamvua, lakini hayamtoshi. Hupumua kwa mapafu, na kila baada ya muda lazima apande juu kuvuta hewa. Akizuiwa, atakufa maji, ajabu kama inavyosikika kwa samaki. Ndiyo maana safari ya kutoka kwa muuzaji hadi nyumbani inahitaji uangalifu. Ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa inafaa kuliko kitu kingine chochote. Maji yawe kidogo tu, ya kumfunika mwili, na nafasi iliyobaki iwe ya hewa. Ndoo iliyojazwa pomoni na kufungwa kabisa ni jeneza.

Nyumbani, tangi liwe limeandaliwa mapema. Maji ya mfereji hutiwa klorini ili yawe salama kwa watu, lakini klorini hiyo huchoma ngozi na matamvua ya samaki. Maji yatekwe kwenye karai au pipa lililo wazi na yaachwe siku nzima, usiku na mchana, kabla ya kutumika. Kina cha sentimita 20 hadi 30 kinamtosha kamongo mdogo, kwani hatachoka kupanda juu. Kati ya maji na kifuniko iachwe nafasi ya kama upana wa kiganja. Kifuniko chenyewe kiwe na matundu na kiwekewe jiwe juu, maana kamongo ana nguvu na hupenda kusukuma. Asiyeweka jiwe hapo atamkuta sakafuni asubuhi.

Samaki asimwagwe tangini ghafla. Maji ya ndoo yana joto lake na ya tangi yana lake. Chota kikombe kimoja cha maji ya tangi, utie kwenye ndoo, usubiri dakika tano, kisha urudie. Kwa muda wa nusu saa hivi mwili wake utakuwa umezoea, na hapo anaweza kuhamishwa, bila yale maji ya ndoo.

Kuhusu joto, mkazi wa Kisumu ana bahati. Kamongo hupenda maji ya nyuzi 25 hadi 28 hivi, na nyumba nyingi za hapa zina joto hilo bila kifaa chochote cha umeme. Tatizo letu ni kinyume chake: tangi lililowekwa karibu na dirisha linalopigwa na jua, chini ya bati, laweza kuchemka mchana. Liwekwe kivulini, mbali na redio na mlango unaofungwa kwa kishindo.

Ndani ya tangi awekewe mahali pa kujificha. Kipande cha paipu ya plastiki kinachomtosha mwili kinafaa, au chungu kilicholazwa ubavu. Changarawe zenye ncha zisitumike, zinamkwaruza tumbo. Taa kali haihitajiki. Kamongo huzunguka usiku, macho yake ni madogo na hayamsaidii sana. Hutafuta chakula kwa kunusa na kupapasa kwa mapezi yake membamba yanayofanana na nyuzi. Vilevile awe peke yake. Wakiwekwa wawili watang'atana, na ngege mdogo akiwekwa humo kama rafiki atakuwa chakula.

Siku mbili za kwanza asipewe kitu. Jioni ya siku ya tatu, giza likianza kuingia, ajaribiwe kwa nyungunyungu mmoja aliyeoshwa, au kipande chembamba cha samaki mbichi kisicho na chumvi. Omena waliokaushwa hawafai kwa mwanzo, kwani huwa wagumu. Chakula kishikwe kwa kijiti au koleo refu, kisogezwe karibu na pua yake, kiachwe hapo. Asipokigusa, kitolewe kabla ya kulala, na ajaribiwe tena baada ya siku mbili.

Hapa wengi hudanganyika. Kamongo hutafuna kwa namna yake: hukivuta chakula mdomoni, hukisaga, hukitema, kisha hukivuta tena, mara nyingi mfululizo. Anayetazama hudhani samaki amekataa, akakimbilia kukiondoa. Mwache amalize.

Akishaanza kula, mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Kwenye ziwa na vinamasi, kamongo wakubwa hula sana konokono, wakiwemo wale wanaobeba vimelea vya kichocho. Hilo ni jema kwetu sote, lakini lisimfanye mzazi kumtuma mtoto kwenye madimbwi ya Nyamasaria kutafuta konokono wa kulisha samaki. Kichocho huingia kupitia ngozi ya mtu aliyekanyaga maji hayo. Nyungunyungu wa shambani wanatosha.

Theluthi moja ya maji ibadilishwe kila wiki. Dalili za kutafuta msaada ni vidonda, utando mweupe kama pamba kwenye ngozi, kichwa kinachoonekana kikubwa kwa sababu mwili umekonda, au kupanda juu kuvuta hewa kila mara bila kutulia. Na vidole visiingizwe tangini. Meno ya kamongo yameumbwa kuvunja gamba la konokono, na kidole cha mtoto si kigumu kuliko hilo.

Kabla ya kununua, mtu ajue pia anachokichukua. Kamongo hukua kupita mita moja. Ndugu yake wa Australia, aliyepewa jina Granddad, alifikishwa katika jumba la samaki la Shedd mjini Chicago mwaka 1933 na akaishi humo hadi 2017.

Siku tangi litakapokuwa dogo, samaki asitupwe mtoni, wala samaki wengine wa mapambo kutoka nchi za nje wasitupwe. Mto Nyamasaria humwaga maji yake ziwani, na ziwa hili tayari limelipa gharama ya wageni. Mbuta aliingizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za fulu zikatoweka. Gugumaji, linaloziba fuo zetu hadi leo, ni ua la mapambo kutoka Amerika Kusini. Hata kamongo, ambaye ni mwenyeji, anaweza kurudi na ugonjwa alioupata tangini. Arudishwe kwa aliyemuuza, au ushauri utafutwe kwa afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo.

Kwa wanaoishi sehemu za chini za Nyamasaria, tangi liwekwe juu ya meza imara kabla ya mvua za masika. Mafuriko yakiingia nyumbani, samaki aliye sakafuni hujiachilia mwenyewe.