Kabla ya kufungiwa Wi-Fi Voi, muulize jirani

Naulizwa sana kampuni gani ya intaneti ni bora hapa Voi. Mimi huuliza kwanza: unakaa wapi? Mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa mwaka 2009, na nyaya za kwenda Nairobi zinapitia huku kwetu. Lakini waya kupita barabarani si waya kuingia kwako. Kinachoamua ni kipande cha mwisho, kutoka nguzo ya mtaani hadi sebuleni.

Kama faiba imefika mtaani kwenu, iwe Kaloleni au Mwakingali, chukua hiyo. Unalipa kwa mwezi, na watoto hawakumalizii bando kwa katuni. Ila kwanza mtembelee jirani anayetumia kampuni hiyo hiyo, saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko mtandaoni. Asubuhi kila kampuni ina kasi! Muulize pia waya ukikatika, fundi huja baada ya siku ngapi. Kijana anayefanya kazi mtandaoni hawezi kumwambia mteja asubiri wiki.

Milimani Wundanyi hesabu ni nyingine. Kilima kikikaa kati ya nyumba na mnara, ruta inabaki kupepesa taa tu. Huko dishi la Starlink, iliyoingia Kenya mwaka 2023, linafaa, maana linataka anga iliyo wazi, si mnara. Lakini dishi lenyewe ni ghali, na hula umeme kuliko ruta ya kawaida. Mwenye sola ndogo apime kwanza.

Mpangaji naye, kabla hujatia sahihi, uliza ukihama itakuwaje.