Huduma za Utafiti Chuoni: Mwongozo kwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi Kitui na Makueni

Wanafunzi wengi wa fasihi simulizi huamini kuwa utafiti ni kukusanya data nyanjani na kuichanganua. Maktaba, ofisi ya masomo ya uzamili na kamati ya maadili huonekana kuwa vizingiti vya kuvukwa ili muhuri upatikane. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba huduma hizo ni sehemu ya utafiti wenyewe, na kwamba anayezifikia akiwa amechelewa huweza kupoteza data asiyoweza kuipata tena.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, chenye makao makuu Kwa Vonza, Kitui. Chuo hiki kilianza mwaka 2008 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kikatunukiwa hati ya kujitegemea mwaka 2013. Mwanafunzi huyo ananuia kukusanya nyimbo za kilumi, ngoma ya Wakamba inayofungamana na imani ya mizimu na maombi ya mvua, katika kaunti za Kitui na Makueni.

Mtu wa kwanza kumwendea ni mkutubi. Akiomba "vitabu kuhusu Wakamba", atapewa orodha ndefu isiyomfaa. Akiuliza ni nani aliyekwisha kuzikusanya nyimbo hizo, wapi na lini, mkutubi ataweza kumwelekeza kwenye tasnifu zilizohifadhiwa chuoni na majarida ya kielektroniki ambayo maktaba za Kenya huyalipia kwa pamoja kupitia muungano wa KLISC. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo; lakini swali nalo sharti liwe mahsusi.

Maktaba isipotosha, ipo Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1965. Hapa mtafiti anahitaji kuijua historia ya mipaka. Wilaya ya Makueni ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992. Kwa hiyo, anayetafuta taarifa za wakati wa ukoloni kwa jina la Makueni peke yake atakosa mengi yaliyomo katika mafaili ya Machakos. Aidha, wakati wa kukaribia uhuru, Machakos na Kitui zilikuwa katika Mkoa wa Kusini, wala si Mkoa wa Mashariki.

Huduma ya tatu ni ya maadili na vibali. Pendekezo likishaidhinishwa, hupelekwa kwa kamati ya maadili, kisha mtafiti huomba leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Kabla ya kuingia vijijini, hujitambulisha kwa Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti, na hufanya hivyo katika kila kaunti. Maswali ya kamati si ya kumsumbua. Je, mwimbaji amearifiwa kwa Kikamba kuhusu matumizi ya sauti yake? Asiyejua kusoma atatoaje ridhaa? Je, zipo nyimbo ambazo wenyewe hawataki zisikike nje ya ibada? Mtafiti asiyeyajibu mapema huenda akarudi na rekodi asizoweza kuzitumia.

Suala la muda ni zito zaidi. Ngoma ya kuombea mvua haichezwi kwa kufuata ratiba ya muhula. Mvua za Ukambani hutarajiwa kati ya Oktoba na Desemba, na tena kati ya Machi na Mei. Leseni ikichelewa, msimu huenda ukapita, na bibi kizee anayezijua nyimbo hizo huenda asiwepo msimu ujao. Chelewa chelewa utapata mwana si wako.

Hatimaye, mtafiti huwasilisha nakala ya kazi yake kwa NACOSTI na maktaba ya chuo. Ni vyema pia awarudishie wenyeji nyimbo zao, ili mjukuu wa Makueni atakayeziulizia kesho azipate.