Sauti ya Litungu na Nguvu za Umeme

Chukua uzi mgumu wa kuvulia samaki, urefu wake kama hatua moja. Mwambie mwenzako ashike ncha moja, nawe uivute ncha ya pili mpaka uzi ukaze. Kisha uupige kwa kidole. Utauona ukitetemeka upesi upesi, lakini sauti yake ni ndogo, hata mtu aliye mlangoni hawezi kuisikia. Sasa twaa kopo tupu, ulitoboe tundu dogo chini, upitishe uzi ule tunduni, na kwa ndani uufunge kijiti ili usichomoke. Mwenzako alishike kopo, nawe uvute uzi kama kwanza, uupige tena. Mara hii darasa zima litasikia.

Je, uzi umebadilika? La. Kidole kimeongezewa nguvu? La. Tofauti ni hii: uzi ni mwembamba, nao waipasua hewa kama kisu kinavyopasua maji, bila kuisukuma. Bali sehemu ya chini ya kopo ni pana. Uzi unapotetemeka, huitetemesha na sehemu hiyo, nayo husukuma hewa nyingi kama kafi la mtumbwi linavyosukuma maji. Hewa iliyosukumwa ndiyo inayofika sikioni mwetu, nasi twasema, "Tumesikia sauti."

Jambo hili wazee wetu walilijua zamani kabla ya vitabu. Katika wilaya za Tarime na Serengeti litungu lajulikana sana, na hasa kwa Wakurya ni chombo cha heshima. Litungu lina bakuli kubwa la mti lililochimbwa ndani, na juu yake imewambwa ngozi. Miti miwili yatoka bakulini, na mti wa tatu umeiunganisha kwa juu. Nyuzi 8 zimefungwa katika mti ule wa juu, zikashuka mpaka bakulini, zikipita juu ya kipande cha mti kinachosimama katikati ya ngozi. Kipande hicho chaitwa daraja, maana ndicho kinachovusha mtetemo wa nyuzi mpaka kwenye ngozi. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe. Siku hizi mara nyingi ni za nailoni, kama zile wanazotumia wavuvi wa Ziwa Viktoria. Jirani zetu Wajaluo wana nyatiti, nayo yafuata kanuni iyo hiyo: uzi, daraja, ngozi na bakuli.

Litungu lina ndugu yake aliye mbali sana, naye ni banjo. Watu wa Afrika ya Magharibi waliochukuliwa utumwani walikwenda na ujuzi wao wa kuwamba ngozi juu ya kibuyu na kuitia nyuzi. Huko visiwa vya Karibi na Marekani ujuzi huo ukazaa banjo. Hata leo Wajola wa Gambia na Senegali wana chombo kiitwacho akonting, ambacho chafanana na banjo za kwanza. Banjo ya sasa ina pete ya mti na chuma, na skrubu za kuikaza ngozi, na mara nyingi ngozi yenyewe ni ya plastiki. Lakini tabia yake ni ile ile ya litungu. Kwa hiyo, mwenye kujua dawa ya moja ajua na dawa ya nyingine.

Ngozi, hata ikiwa njema namna gani, ina mpaka wake. Mahali pa wazi, mtu aliye hatua 20 kutoka kwa mpigaji hupata robo tu ya nguvu ya sauti anayoipata mtu aliye hatua 10. Aliye hatua 40 hupata robo ya robo ile. Zamani watu walikaa karibu na mpigaji, wakanyamaza, wakasikiliza maneno yake. Siku hizi watu hukusanyika mamia, na pikipiki zapita njiani. Mpigaji akipiga kwa nguvu kupita kiasi, nyuzi hukatika na wimbo huharibika. Ndipo watu wanapotafuta msaada wa umeme.

Msaada huo una sehemu tatu. Ya kwanza ni maikrofoni, ambayo ni sikio. Ya pili ni amplifaya, ambayo huikuza ile alama dhaifu ya umeme iliyotoka sikioni. Ya tatu ni spika, ambayo ni kinywa. Tazama ajabu hii: ndani ya maikrofoni za kawaida mna kiwambo kidogo chembamba, mfano wa ngozi ya litungu. Sauti hukitikisa, nacho hutikisa waya uliozungushwa karibu na sumaku. Mwaka 1831 mtaalamu wa Uingereza, Michael Faraday, alionyesha ya kuwa waya ukisogea karibu na sumaku huzaa umeme. Basi mtetemo wa kiwambo hugeuka umeme. Katika spika kazi hiyo hugeuzwa: umeme hutikisa waya, waya hutikisa karatasi pana, na karatasi husukuma hewa.

Sasa nitawaeleza jambo nililoliona kwa macho yangu katika arusi moja hapa Issenye. Mzee mmoja wa Kikurya alialikwa kuja kumwimbia bwana arusi kwa litungu. Alilileta limefungwa katika blanketi, akakaa kwanza juani kitambo ili ngozi ipate joto na kukaza, kwa maana ngozi yenye unyevu hulegea na sauti yake hufifia. Vijana wenye vyombo vya umeme walimwekea maikrofoni mbele yake, imeelekea ngozi. Spika mbili kubwa walikuwa wameziweka nyuma ya mgongo wake. Mzee akapiga uzi wa kwanza. Mara spika zikatoa mlio mkubwa, "Uuuuu!", usiokoma. Watoto wachanga wakalia, watu wakaziba masikio. Vijana wakapunguza nguvu, na litungu halikusikika. Wakaongeza, na mlio ukarudi. Mwisho mmoja wao akasema, "Chombo hiki cha kizamani hakipatani na umeme. Tupige muziki wa simu." Mzee hakujibu neno. Alianza kulifunga litungu lake katika blanketi.

Je, kijana yule alisema kweli? Hebu tuichunguze sababu ya mlio ule.

Fanya jaribio la pili. Weka ngoma mbili karibu karibu, na juu ya moja unyunyize chembe za mchanga mkavu. Kisha uipige ile nyingine kwa nguvu. Utaona chembe zikirukaruka juu ya ngoma ambayo hukuigusa kabisa. Maana yake, ngozi si kinywa tu. Ni sikio pia. Sauti ikiipiga, hutetemeka. Na kila ngozi iliyowambwa ina mlio wake inaoupenda kuliko mingine. Ukiimba mlio huo karibu nayo, itatetemeka zaidi.

Basi ilikuwa hivi pale arusini. Litungu lilitoa sauti ndogo. Maikrofoni ikaisikia, amplifaya ikaikuza, spika ikaitoa nyuma ya mzee. Sauti ile kubwa ikarudi ikaipiga ngozi ya litungu, nayo ikatetemeka tena, ikamwambia maikrofoni neno lile lile kwa nguvu zaidi. Tena maikrofoni yenyewe ilikuwa imezielekea spika, hata ikasikia kile kilichotoka kinywani mwao. Sauti ikazunguka, na kila mzunguko ikaongezeka, kama moto wa nyika: moto huita upepo, na upepo huuchochea moto. Mlio ule haukuwa wimbo wa mzee, wala haukuwa ubaya wa litungu. Ulikuwa sauti iliyokosa njia ya kutokea. Wapiga banjo hupata taabu hiyo hiyo, kwa kuwa banjo nayo ina ngozi; gitaa lenye ubao mzima, lisilo na bakuli wala ngozi, halisumbui namna hiyo.

Aliyegundua siri ile alikuwa msichana wa darasa la sita. Yeye alikuwa ameketi mbele, akitazama. Alimwendea mzee akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, mlio ulipoanza, uliweka kiganja juu ya ngozi, na mlio ukakoma. Ulipokiondoa ukaanza tena. Tafadhali, ufanye vile mara moja zaidi."

Mzee akafanya, na ikawa vile vile. Hapo watu wakafahamu ya kuwa ngozi ilikuwa inasikia spika. Ilibaki kuzuia isizisikie sana, wala si kulifukuza litungu.

Dawa zake ni hizi. Kwanza, spika ziwekwe mbele ya mpigaji, zikiwaelekea watu, wala si nyuma yake. Maikrofoni za kuimbia zilizo nyingi husikia vizuri kwa mbele na ni nzito wa kusikia kwa nyuma. Basi yafaa uso wake ulielekee litungu na mgongo wake uzielekee spika.

Pili, maikrofoni isogezwe karibu na chombo. Ikiwa iko hatua moja, isogeze mpaka nusu ya hatua, nayo itapata nguvu karibu mara nne bila kuongeza umeme hata kidogo. Lakini isiguse ngozi, wala isizuie mkono wa mpigaji. Kuongeza ukaribu ni bora kuliko kuongeza nguvu.

Tatu, katika amplifaya mna vifungo vya kupunguza sauti nene na sauti nyembamba. Mlio ukiwa mnene kama ule wa bakuli, punguza sauti nene kidogo kidogo mpaka utulie, kisha uache hapo. Ukipunguza mno, litungu litalia kama debe.

Nne, chombo kikiwa na nafasi, kitambaa laini chaweza kutiwa ndani ya bakuli ili kuituliza ngozi. Wapiga banjo hufanya hivyo mara nyingi. Lakini kitambaa kikizidi huua sauti njema pamoja na mlio mbaya. Basi kitiwe kwa kiasi.

Iko na njia nyingine isiyotumia maikrofoni ya kusimama. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waliona ya kuwa mawe fulani maangavu yakibanwa hutoa umeme kidogo. Kwa kanuni hiyo vimetengenezwa vidude vyembamba kama sarafu, ambavyo hubandikwa katika mwili wa chombo. Vidude hivyo husikia mtetemo wa mti au ngozi zaidi kuliko sauti ya hewani, na kwa hiyo mlio wa kuzunguka hupungua. Yafaa kujaribu mahali mbalimbali karibu na mguu wa daraja mpaka sauti iwe safi. Lakini umeme wake ni dhaifu, nao wahitaji kikuzaji kidogo cha kati kabla ya kufika kwenye amplifaya. Bila hicho, sauti huwa nyembamba na kali. Tena husikia hata mkwaruzo wa ukucha, basi mpigaji awe na mkono wa adabu.

Wengine huuliza, "Kwa nini tusilitie litungu sumaku kama gitaa la umeme?" Magitaa hayo yalianza kuuzwa Marekani mwaka 1932, nayo yana sumaku chini ya nyuzi. Lakini sumaku husikia uzi wa chuma tu. Uzi wa nailoni au wa kano haijui kabisa, hata ukipigwa mchana kutwa. Wapiga banjo wengine hubandika kipande cha chuma chini ya daraja, upande wa ndani wa ngozi, ili sumaku ipate kitu cha kusikia. Kwa litungu la nailoni, maikrofoni iliyowekwa vema ni njia rahisi kuliko zote.

Angalieni na jambo hili: umeme si mchezo. Mwanafunzi asiguse waya zilizochubuka, wala asishike vyombo kwa mikono yenye maji, wala asiviunganishe bila mtu mzima anayejua kazi hiyo. Mvua ikianza, umeme uzimwe kwanza, ndipo vyombo viondolewe.

Pale arusini vijana walizihamisha spika, wakaisogeza maikrofoni, wakapunguza sauti nene. Kazi yote haikuchukua muda mrefu. Mzee alilifungua tena blanketi lake, akajaribu uzi mmoja, akautega sikio. Kimya. Akapiga wa pili na wa tatu. Kisha akaimba majina ya baba na babu za bwana arusi, na hata wanawake waliokuwa mbali jikoni wakaacha miiko, wakaja kusimama kusikiliza. Yule kijana wa muziki wa simu alisimama karibu na amplifaya, mkono wake juu ya kifungo, asikigeuze tena mpaka mwisho.

Basi kumbukeni: umeme hauna wimbo wake wenyewe. Hukuza kile ulichopewa. Ukipewa wimbo hukuza wimbo, ukipewa makosa hukuza makosa. Mwenye haraka huongeza nguvu. Mwenye akili husikiliza kwanza, akatafuta mahali pa kuweka kila kitu. Wala tusikitupe chombo cha wazee wetu kwa sababu siku moja kililia vibaya mikononi mwetu. Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao."