MAJI YATAKA JICHO

Kwa miaka mingi wananchi wa Bukene, kama ndugu zao wa Unyamwezi yote, wameyajua maji kwa kuyatafuta: lambo, kisima, na ndoo kichwani. Leo bomba lianzialo Ihelele, kando ya Ziwa Viktoria, limekwisha fika Nzega na Tabora mjini. Hiyo ni kazi ya kujivunia. Lakini sisi twaona ya kuwa kufika kwa maji si mwisho wa kazi.

Mbolea na uchafu wa mashamba na miji huingia ziwani, na mwani hustawi kwa chakula hicho. Miongoni mwake zimo aina za kijani-buluu, ambazo baadhi hutoa sumu idhuruyo ini. Tena tuseme wazi: sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha maji. Mama aliyechemsha ndoo yake akadhani amekwisha walinda wanawe, aweza kuwa amedanganyika pasipo kosa lake.

Mwaka 1865 Padre Angelo Secchi alizamisha kisahani baharini, akapima kina ambacho hutoweka machoni. Leo kiko chombo kimulikacho maji kwa mwanga wa buluu. Umbijani, yaani ile rangi ya kijani iliyomo ndani ya mwani, huupokea na kurudisha mwanga mwekundu. Mwekundu ukizidi, mwani umezidi. Kwa aina za kijani-buluu hutumika mwanga wa rangi ya machungwa. Habari hupatikana papo hapo, usiku na mchana.

Hata hivyo, chombo hicho hakipimi sumu yenyewe. Huonya tu, na maabara ndiyo ithibitishayo. Tena kioo chake kikishikwa na utelezi, husema uongo. Kwa hiyo mfanyakazi akifutaye kioo hicho ni mlinzi wa afya ya maelfu asiowaona.

Nasi tusio na chombo tunayo macho. Lambo likigeuka kijani kama lililomwagiwa rangi, watoto na ng'ombe wazuiwe, na afisa wa afya aarifiwe siku hiyo hiyo. Wanachama wetu na walichukue neno hili katika mikutano ya mashina, na wenye mamlaka ya maji wavihesabu vyombo hivi kuwa haja, si anasa.

Wazee walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nasi twaongeza: wala usiyoyapima hujui usafi wake.