Kumbukumbu za Bonde la Hood River (2): Waliong'oa Visiki

Wiki iliyopita tulimwacha Nathaniel Coe akipanda miti yake ya matunda kando ya Mto Columbia, jimboni Oregon, Marekani, katikati ya miaka ya 1850, katika ardhi ambayo wenyeji wa asili waliishi vizazi kwa vizazi. Leo tuwatazame walowezi wanaosahaulika upesi: Wajapani waliofika mwanzoni mwa karne ya 20.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walikabidhiwa jembe siku ile ile ya kwanza. Bonde lilikuwa msitu mnene, na kuangusha mti ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kisiki. Mtu alichimba chini ya mizizi, akashindilia baruti, akawasha utambi na kutimua mbio. Kisha farasi walivuta mapande, yakachomwa moto. Baadhi ya wenye mashamba waliwalipa kwa ekari chache za pori, nao wakaanza upya, safari hii na visiki vyao wenyewe. Mtufaha huchukua miaka kadhaa kuzaa, kwa hiyo walipanda stroberi katikati ya mistari ya miche, wakauza hizo huku wakingoja.

Mwaka 1908 Masuo Yasui na kaka yake walifungua duka katika mji wa Hood River, likawa kituo cha Wajapani wa bondeni. Baridi kali ya 1919 iliua mitufaha mingi. Wakulima wakageukia peasi, zao linaloongoza humo hadi leo. Mwaka 1923 sheria ya Oregon iliwakataza wahamiaji hao kumiliki ardhi, hivyo wengine wakaandikisha mashamba kwa majina ya watoto wao waliozaliwa Marekani.

Mei 1942, wakati wa vita na Japani, familia hizi zilipakiwa kwenye treni na kupelekwa kwenye kambi za kizuizini, matunda yakiwa bado machanga mitini. Mwaka 1944 majina 16 ya vijana wao, askari wa Marekani, yalifutwa kwenye ubao wa heshima wa kaunti. Yalirudishwa mwaka uliofuata, baada ya lawama kutoka nchi nzima.

Ndugu msomaji, ukiandika historia ya bonde lenu, anza na swali hili: nani aling'oa visiki? Ukimpata, andika jina lake, wala lisifutwe tena.